Kidole cha Susu Kalekye

Mtu aliyejaliwa macho hahitaji kushikwa kidevu na kugeuzwa uso ndipo aone kilicho mbele yake. Hayo ndiyo wahenga waliyotuachia katika methali isemayo kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Kitu ambacho wahenga hawakutuambia ni tufanye nini na watu wanaojua fika kwamba mwenzao ana macho, kisha wakamwamrisha ayafumbe. Watu hao wapo. Wengine huvaa koti, wakaketi mbele ya mikutano na kufungua kwa maombi.

Mwalimu Mutindi alikuwa na sauti ndogo. Alipofika Shule ya Ngwani, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka soko la Kathonzweni, walimu wenzake walimtania kwamba anafundisha kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto mchanga. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu miaka miwili kabla, akakaa kwao akisubiri kazi hadi macho yakaingia kiwi. Bodi ya shule ndiyo iliyomwajiri hatimaye, kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Alipewa Kiswahili cha Gredi ya Sita, wanafunzi arubaini na watatu, na akawapenda kama mboni ya jicho.

Siku moja mwezi wa Julai aliwapa kifungu kifupi cha ufahamu. Kilisema hivi: Mzee alifika nyumbani jioni. Viatu vyake vilikuwa vimejaa matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Alimtazama mkewe, akatabasamu, akauliza jembe liko wapi. Swali lilikuwa moja tu: Kwa nini mzee alitabasamu?

Mutindi alipokusanya madaftari alivunjika moyo. Wanafunzi thelathini na tisa walikuwa wamenakili, neno kwa neno, "Viatu vyake vilikuwa vimejaa matope hadi kwenye vifundo vya miguu." Watatu waliandika, "Kifungu hakijasema." Mmoja tu, msichana mwembamba aitwaye Kaluki, ndiye aliyeandika, "Kwa sababu mvua imenyesha na sasa atapanda."

Haikuwa kwamba hao wengine walikuwa wajinga. Tangu Gredi ya Kwanza walikuwa wamefundishwa kutafuta neno la swali ndani ya kifungu, kuipigia mstari sentensi iliyolibeba, na kuinakili bila kuongeza wala kupunguza. Hata kwenye ukuta wa ofisi ya walimu palikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyekundu: JIBU LIKO NDANI YA KIFUNGU.

Mutindi aliweka chaki chini. "Nani kati yenu huchota maji mtoni?"

Mikono yote ilipanda. Mto Ngwani ulikuwa mkavu kama ilivyo kawaida ya Julai, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yamelala chini yake.

"Mnajuaje mahali pa kuchimba?"

"Mahali punda anasimama na kunusa, Mwalimu," alisema Wavinya wa dawati la mbele.

"Na mahali nyuki wanatua asubuhi!"

"Na mahali mchanga ni mweusi kidogo kabla jua halijachoma!"

"Nani huwaambia hapo kuna maji?"

Kaluki akasema polepole, "Hakuna mtu anatuambia. Tunaona tu, halafu tunajua."

"Basi na karatasi isomeni hivyo," Mutindi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu afike sauti yake ikasikika hadi dirisha la mwisho. "Mambo mengine hayalali juu. Mjiulize: nimeona nini? Mimi mwenyewe ninajua nini? Kwa hivyo, kuna nini hapa?"

Kwa wiki mbili darasa lile lilichemka kama chungu cha isyo, mahindi na maharagwe. Walisoma tangazo la harambee, wakang'amua kanisa halikuwa na paa. Walisoma barua ya mtoto aliyeandika kwamba shule mpya ni nzuri, chakula ni kizuri, kila kitu ni kizuri, na mnakuja lini kunichukua. Wavinya alisoma hiyo ya mwisho, akafuta macho kwa kola ya sare yake.

Mwalimu mkuu, Bwana Nzau, aliyaitisha madaftari. Alipoyarudisha, jibu la Kaluki lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu na sifuri kubwa kuandikwa kando yake.

"Madam, neno mvua liko wapi katika kifungu hiki?" aliuliza.

"Halipo, Mwalimu. Lakini matope yapo. Na jembe lipo."

"Mwongozo wa kusahihisha haujui matope na jembe. Mtihani wa kanda uko karibu. Hawa watoto hawana pa kuokota alama isipokuwa ndani ya kifungu. Ukiwafundisha kubuni, utawaangamiza."

Mutindi alirudi darasani akiwa amebana madaftari kifuani. Hasira ilikuwa imempanda, ya aina inayowashika watu wapole, isiyotoka nje na isiyolala ndani. Watoto waliojua kutoa maji chini ya mchanga mkavu wanakatazwa kutoa wazo chini ya sentensi! Na anayekatazwa anapewa sifuri, kana kwamba kuona ni wizi.

Jumanne iliyofuata, barua ya wazazi ililetwa darasani ikiwa imepigwa muhuri wa shule. Mutindi alikuwa akisahihisha insha. Aligawa nakala arubaini na tatu, akawaambia watoto wawasomee watu wa nyumbani, akarudi kwenye insha zake. Yeye hakuisoma.

Kaluki aliishi na nyanya yake, Kalekye, ambaye alimwita susu kama watoto wote wa Ukambani wanavyowaita nyanya zao. Susu Kalekye hakuwahi kukanyaga darasa. Barua zote za shule alisomewa na mjukuu wake, na baada ya kusomewa alifanya lile ambalo wazee wengi wa pale walifanya: alisugua kidole gumba kwa wino wa kalamu ya biki hadi kikawa cha buluu, akakikandamiza pale alipoonyeshwa. Kwa miaka mingi kidole hicho kilikuwa kimekubali kila kitu. Kilikubali sare mpya, kilikubali masomo ya Jumamosi, kilikubali uzio ambao haukujengwa. Haikumjia kwamba barua yenye muhuri ingeweza kukataliwa.

Jioni hiyo susu alikuwa akichambua pojo kwenye uteo. Kaluki akasoma:

"Kwa wazazi wote. Bodi imepata mfadhili wa kutujengea darasa moja jipya. Ili kufanikisha mradi huu, mnaombwa kuidhinisha kufunguliwa kwa njia ya upana wa mita sita kutoka barabara kuu hadi mtoni. Kazi itafanyika wakati wa likizo ya Agosti. Wanaochota maji watatumia sehemu nyingine kwa muda. Tia sahihi au kidole gumba. Karatasi irudi kesho bila kukosa. Musyimi, Mwenyekiti."

"Mungu ni mwema," alisema susu. "Darasa! Leta kalamu."

Alisugua kidole. Kilikuwa kimebaki upana wa punje ya pojo kufikia karatasi Kaluki aliposema, "Susu, ngoja."

"Ningoje nini? Wino utakauka."

"Darasa litajengwa shuleni, huko juu. Kwa nini njia inaenda mtoni?"

Susu aliinua macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kutanda kwenye jicho la kushoto, lakini la kulia lilikuwa kali kama sindano. "Endelea."

"Njia ya punda na mitungi ni hatua mbili. Hii ni mita sita. Hiyo ni ya kupishana malori. Na watafanya wakati shule imefungwa, wakati walimu na sisi hatuko. Na kama ni darasa tu, kwa nini sisi tuhamishwe mtoni? Tena hawajasema ni kwa muda gani. Na wanataka karatasi kesho, kabla watu waongee kanisani Jumapili."

"Kwa hivyo?"

Likizo ya Aprili Kaluki alikuwa amekaa kwa shangazi yake upande wa Kitui, karibu na Kabati. Hapo walikuwa na mto kama Ngwani, hadi malori yalipoingia. Alipoulizia mto, shangazi alimwonyesha mwamba mtupu, uliopasuka kama kisigino cha mzee. Mchanga ukishaondoka, maji hayana pa kulala. Wanawake wa pale walikuwa wakiamka alfajiri na kutembea hadi bonde la pili.

"Kwa hivyo wanataka mchanga, susu."

"Wapi wamesema mchanga?"

"Hawajasema."

"Sasa wewe umejuaje?"

"Ulijuaje jana nimekula sukari?"

"Si ulikuwa na punje mdomoni, na ukawa na adabu ambayo huna kila siku!" Susu alicheka hadi pojo zikaruka kwenye uteo. Kisha kicheko kikamkatikia. Alikitazama kidole chake cha buluu, akakipangusa kwenye leso polepole, mara tatu, mpaka rangi ya ngozi ikarudi.

"Asi!" alinong'ona. "Miaka yote hii nimekuwa nikikubali nini?"

Asubuhi karatasi zilirudi. Thelathini na moja za Gredi ya Sita zilikuwa tupu. Nyumba kwa nyumba, watoto walikuwa wamesoma, wakajiuliza yale maswali matatu, na vidole vikarudi mifukoni.

Musyimi alifika kabla ya saa nne, pikipiki yake ikipuliza vumbi hadi madirishani. Alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, shemasi wa kanisa, na mtu ambaye mfukoni mwa shati lake hamkukosa kalamu tatu zilizopangwa kwa urefu. Aliingia ofisini bila kubisha.

"Ni nani amewachochea hawa watoto?"

Macho ya Bwana Nzau yalimwendea Mutindi, na hilo lilitosha.

"Wewe kasichana," Musyimi alisema, "tumekupa mkate, sasa unataka kutupiga na sahani? Barua imesema darasa. Mtoto wa miaka kumi na miwili anamwambia nyanya yake ni mchanga! Neno mchanga liko wapi?"

"Mimi... sikuwafundisha barua hiyo," Mutindi alijibu.

"Umewafundisha kuona vitu ambavyo haviko! Ijumaa kuna mkutano wa wazazi. Utasimama, utasema uliwapotosha watoto, utaomba msamaha. La sivyo, mkataba wako ukiisha mwezi huu, usinitafute."

Alipoondoka, Mutindi aliingia stoo ya vitabu, akasoma barua ile kwa mara ya kwanza. Aliisoma kwa macho ya Kaluki. Njia. Mita sita. Agosti. Sehemu nyingine. Kwa muda. Kila neno lilikuwa limesimama wazi kama mbuzi juu ya kichuguu. Yeye, mwalimu wa kusoma, aligawa karatasi hii kwa mkono wake mwenyewe bila kuitupia jicho! Alilia kidogo, zaidi kwa aibu kuliko kwa hofu. Hofu nayo ilikuwapo. Miaka miwili ya kukaa nyumbani si mchezo, na mama yake alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba binti yake ni mwalimu.

Ijumaa wazazi walijaa darasani, wengine wakiwa wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto wao. Musyimi alifungua kwa maombi marefu. Kisha akagawa upya karatasi zilizorudi tupu, akainua barua yake juu.

"Ndugu zangu, kuna uvumi. Mimi sipendi uvumi, napenda maandishi. Anayejua kusoma asome. Atakayeona neno mchanga humu ndani, ainue mkono."

Walisoma. Midomo ilitikisika, vidole vikafuata mistari. Hakuna mkono ulioinuka.

"Mmeona? Hakuna! Sasa mwalimu wetu ana neno kwenu."

Mutindi alisimama. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Wazazi wangu," alianza, "ninaomba msamaha."

Musyimi aliketi, akakunja nne.

"Ninaomba msamaha kwa sababu niliwapa watoto barua ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeisoma. Niliona muhuri, nikaridhika. Hilo ni kosa, na sitalirudia." Alivuta pumzi. "Lakini kuwafundisha watoto kufikiri wanaposoma, hapo sitaomba msamaha. Mnawatuma mtoni wawatafutie maji yasiyoonekana, na mnayanywa. Wakiwaletea ukweli usioonekana, tunawapiga sifuri. Kwa nini? Barua hii haijasema mchanga. Haijasema pia njia hiyo ni ya nini. Mimi nimemaliza."

Aliketi haraka, uso ukimwaka. Hakujua kwamba sauti yake ilikuwa imefika hadi uwanjani.

"Watoto wanabuni!" Musyimi aliruka. "Na mwalimu anashangilia! Mnataka kupoteza darasa kwa sababu ya ndoto ya msichana?"

Watu walianza kunong'onezana. Darasa walilihitaji, kila mtu alijua. Wengine waliinamisha vichwa, na mmoja aliyekuwa karibu na mlango akaanza kutafuta kalamu. Hapo ndipo fimbo iligonga sakafu. Susu Kalekye alikuwa amesimama.

"Musyimi, mwanangu, wewe nimekubeba mgongoni siku mama yako alipoenda msiba Mtito Andei, na ukanilowesha. Kwa hivyo nitakuuliza bila kuogopa."

Kicheko kilipita darasani. Musyimi akatabasamu kwa shida, akamwita mama kwa Kikamba. "Uliza, mwaitu."

"Mimi sijui kusoma. Nasikia unasema hakuna mchanga katika barua hii."

"Hakuna kabisa."

"Basi sisi sote ni kitu kimoja. Wewe hutaki mchanga, nasi hatutaki utolewe. Toa kalamu, hapo chini ongeza sentensi moja: Hakuna mchanga utakaotolewa mto Ngwani. Utie sahihi yako ya kwanza, nami nitakuja na kidole changu, nikikandamize mpaka karatasi itoboke."

Wazazi waligeuka kumtazama mwenyekiti.

"Mwaitu, mambo ya ofisi hayaendi hivyo," Musyimi alisema. "Barua ikishapigwa muhuri haiongezwi kitu."

"Si mpige muhuri mwingine?"

"Muhuri... mambo ya muhuri ni ya mwalimu mkuu. Unafungiwa ofisini kwake."

Bwana Nzau alikuwa ameketi kona, akitazama viatu vyake tangu mkutano uanze. Aliinuka, akatoka. Watu walidhani ametoroka. Alirudi akiwa na muhuri wa shule na kibweta cha wino, akaviweka mezani mbele ya mwenyekiti, karibu na mkono wake.

"Huu hapa," alisema.

"Mfadhili hatakubali," Musyimi alisema, sauti ikiwa imepungua. "Mfadhili ana masharti yake."

"Masharti gani?" aliuliza Katunge, jirani wa Kalekye. "Ya kujenga darasa kwa mawe, au ya kubeba nini?"

"Sina kalamu hapa," alisema Musyimi.

Macho yote yalienda mfukoni mwa shati lake. Kalamu tatu zilikuwa pale, zimepangwa kwa urefu. Yeye mwenyewe aliziangalia, akazifunika kwa kiganja kana kwamba zimemuuma. Mara simu yake, ambayo hakuna aliyeisikia ikilia, ikamfanya aseme "Halo, halo" na kutoka nje. Pikipiki iliwaka. Vumbi lilipoingia dirishani, barua ilikuwa bado mezani, na nafasi ya ile sentensi ilikuwa nyeupe.

Hakuna aliyepiga kura. Wazazi walipanga foleni, wakarudisha karatasi mezani moja baada ya nyingine bila sahihi na bila kidole, na hata waliokuwa wamekwisha kutia vidole wakaomba zao, wakazirarua. Wakagoma kutoka mpaka Bwana Nzau aandike mbele yao kwamba Mwalimu Mutindi ataendelea muhula wa tatu. Aliandika. Jumatatu aliliomba tena daftari la Kaluki, kisha akamrudishia Mutindi. Ile sifuri nyekundu ilikuwa imekatwa mstari, na kando yake palikuwa na alama ya pata. Hakusema pole. Mutindi hakumshukuru, maana haki ya mtoto haishukuriwi, hutolewa tu.

Jioni ile ya mkutano, Susu Kalekye na Katunge walipitia mtoni na mitungi yao. Kaluki alikuwa ametangulia, amepiga magoti mahali punda aliposimama, akifukua kwa kibuyu. Maji yalianza kujikusanya chini ya mchanga, kwanza yakiwa na tope, halafu yakiwa safi.

Katunge alikuwa bado na wasiwasi. "Lakini Kalekye, yule hakukiri. Ameondoka tu. Hajasema popote kwamba alitaka mchanga wetu."

Susu Kalekye aliinama, akajaza kata, akampa mjukuu wake anywe wa kwanza.

"Unangoja akuambie nini, Katunge? Mwenye macho haambiwi tazama."